Kasoma Ukurasa Mzima, Kitabu Kakishika Kichwa Chini

Mwalimu mstaafu anajibu barua za wazazi na walimu kuhusu kusoma na kuandika

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na mhariri ameshanionya nisitiririke kama nilivyofanya mara iliyopita. Nimechagua nane. Mlioniuliza habari za hesabu mnisamehe, mimi si mtu wenu. Miaka 31 nimekaa na darasa la kwanza na la pili, na ninachokijua ni safari ya mtoto kutoka "a" mpaka siku anapokamatwa akisoma barua ya mwenzake chini ya dawati. Siku hiyo mimi huwa namkaripia kwa mdomo tu.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la pili. Kitabu chake cha kusoma anakimaliza chote, hakosei hata neno. Juzi nimempa karatasi nyingine yenye maneno yale yale mepesi, akanyamaza kama amemwagiwa maji. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Mimi naona kuna kitu kingine. Mama mwenye wasiwasi.

Marahaba. Umeona sawa, uvivu haumo humu. Mtoto aliyekariri kitabu kizima neno kwa neno amefanya kazi ngumu kuliko mwenzake aliyejifunza kukisoma. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe siyo, na waliompa kazi hiyo ni sisi.

Nasema sisi kwa sababu na mimi nimeifanya. Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mkaguzi. Nikamsimamisha msichana mmoja wa dawati la mbele, tegemeo langu. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti ya kupendeza, penye nukta anapumzika, penye kiulizo anapandisha. Mkaguzi akamsogelea, akamtoa kitabu mikononi taratibu, akakigeuza, akamrudishia. Alikuwa amekishika kichwa chini. Darasa halikucheka, maana nusu yao hawakuelewa kilichogeuzwa ni nini. Hapo ndipo nilipoloa jasho. Mbinu yangu ilikuwa ile ya wengi: mwalimu anasoma sentensi, darasa linaitikia kwa pamoja, Jumatatu mpaka Alhamisi, na ikifika Ijumaa kila mtu anaijua. Kazi yote ilifanywa na masikio, macho yalikuwa yanasindikiza.

Kwanza hakikisha. Usimwambie kuwa unampima. Fungua kitabu anachokijua, ziba picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari na umuulize ni neno gani. Anayekariri ataanza kunong'ona sentensi kuanzia mwanzo mpaka afike pale. Ukiona midomo inacheza hivyo, umeshapata jibu. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote: "pibo", "tamule", "seko", "lufi". Hayo hayakaririki, kwa sababu hajawahi kuyasikia popote. Anayeyatamka kwa kuyatazama anajua kusoma, hata akienda mwendo wa kinyonga.

Asipoyaweza, tafuta amekwama wapi. Yupo asiyezijua herufi zenyewe, na huyo dawa yake inaeleweka. Yupo anayezijua herufi zote kwa majina ila haziungani kinywani mwake, na hawa ndio wengi. Muulize "b" na "a" ni nini, atakwambia "bea". Na hajakosea! Tumemfundisha kwamba ile inaitwa "be", akaongeza "a", ikawa "bea". Ametii kila tulichomwambia.

Huyu mfundishe sauti, majina ya herufi yatakuja yenyewe. Anza na sauti zinazovutika: m, s, l, n, f. Vuta "mmmm" uende nayo moja kwa moja mpaka "aaa" bila kukata pumzi katikati, na mtoto atasikia "ma" ikizaliwa. Sauti kama b, t na k hazivutiki. Ukilazimisha unaishia kuweka irabu ndogo nyuma yake na kurudi kwenye "bea". Ziache mpaka mchezo wa kuunganisha uwe umemkaa. Na cheza naye bila karatasi, mnapotembea au anapofua soksi zake. Mtajie "ki... li... ma", yeye aunganishe. Akishaweza, geuza: mwambie atoe "ki" kwenye "kilima", aseme kinachobaki. Atacheka akigundua kinabaki "lima", na kicheko hicho ni dalili nzuri kuliko tiki kumi kwenye daftari.

Kiswahili kimetupa urahisi ambao tunauchezea. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake ile ile popote unapoikuta. Ongeza m, k, l na t, zinakuwa herufi tisa, na mtoto anasoma "moto", "lala", "kitu", "tulia", "kelele", "kamata", "kilima". Herufi tisa! Sijapata kuelewa kwa nini tunawakimbiza watoto alfabeti nzima wakati bado hawajasoma neno hata moja.

Wa tatu ni yule anayeweza kuunganisha ila anasoma kwa kudonoa, silabi moja moja, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Kwa huyo kurudia kunafaa. Mmarekani S. Jay Samuels aliieleza mbinu hiyo mwaka 1979: mtoto anapewa kifungu kifupi, anakisoma mwenyewe tena na tena mpaka kinatiririka, kisha anapewa kingine. Tofauti na kuitikia ni kwamba hapa hakuna sauti ya mtu mwingine ya kuikimbilia. Ana karatasi na macho yake tu.

Kitabu alichokikariri usikitupe. Chukua sentensi moja, iandike kwenye utepe wa karatasi, ikate neno kwa neno, changanya, umwambie aipange upya. Kwa kuwa anajua sentensi inasema nini, atalazimika kuangalia kila kipande ni neno gani. Dakika kumi kila siku zinatosha. Saa nzima ya Jumamosi haizai kitu ila machozi. Na usimwambie kamwe kwamba alikuwa anadanganya. Yeye alijua kwamba anasoma.

Mwalimu, naambatanisha imla ya binti yangu. Amepata 1 kati ya 7 na daftari lote ni jekundu. Sasa hataki kushika penseli, anasema yeye ni mjinga wa kuandika. Tufanye nini? Baba yake.

Nimeitazama imla hiyo kwa miwani na bila miwani, na natamani ningekuwa na mwanafunzi huyu. Sentensi zilizosomwa ni hizi: "Mlango wa nyumba umefungwa. Kitanda changu kimevunjika." Yeye ameandika: "Mlago wa nyuba umefugwa. Kitada chagu kimevujika."

Maneno saba, sita yana kalamu nyekundu. Lakini hebu hesabu makosa tena, baba. Irabu zote ziko mahali pake. Viambishi vyote vipo, "ume-", "kime-", hakuna kilichorukwa. Kilichokosekana ni kitu kimoja, mara sita: ile sauti ya puani inayotangulia konsonanti nyingine, n ya "nd" na "nj" na "ng", m ya "mb". Binti yako ana kosa moja tu. Kwenye daftari limeonekana kama janga kwa sababu aliyesahihisha alihesabu maneno.

Wala si yeye peke yake. Sauti hiyo ni fupi na imejibana na jirani yake, sikio changa linazisikia mbili kama moja. Mwanaisimu Charles Read, mwaka 1971, aliandika kuhusu watoto wadogo wa Marekani waliojibunia tahajia zao wenyewe kabla ya kufundishwa, na nao waliiacha n na m mahali hapo hapo, mbele ya konsonanti. Lugha tofauti, sikio lile lile.

Dawa yake iko puani. Mwambie aseme "fuga". Kisha abane pua kwa vidole aseme tena "fuga": inatoka vizuri. Sasa, pua bado imebanwa, aseme "funga". Itakwama, atasikia kama ana mafua. Kilichokwama ndicho anachokisahau kwenye daftari. Fanyeni hivyo na "vuja" na "vunja", "taga" na "tanga". Mpe sentensi za kuchekesha: kuku ametaga, kuku ametanga, nimefuga mbuzi, nimefunga mbuzi. Aone kwamba herufi moja inabadilisha mambo yote, maana mtoto hawezi kuijali n ambayo haijamfanyia kazi yoyote.

Kisha, kwa wiki mbili, msahihishe hilo tu. Mengine yaache. Na ukinikubalia, muombe mwalimu wake aache kuandika alama juu ya imla hizo; aandike "puani!" pembeni mwa mstari. Mimi nilikuwa natumia penseli ya kawaida, si kwa upole wowote. Kalamu nyekundu iliniishia muhula mmoja, na watoto wakaanza kuniletea madaftari wenyewe bila kufichaficha.

Mwanafunzi wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Nimwache au nimrudishe kulia? Mwalimu wa darasa la kwanza.

Mwache. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigombane na cha jirani. Daftari liwe kidogo kushoto mwa kifua chake na lilazwe, kona ya juu ikielekea kulia, kinyume cha wenzake. Penseli aishike juu zaidi ya ncha ili aone anachoandika. Basi.

Mimi ni mwalimu mpya. Theluthi ya darasa langu wanachanganya b na d, na mmoja ameandika jina lake lote kinyumenyume kama kwenye kioo. Je, ni ugonjwa?

Wasiwasi wako naujua, na katika darasa la kwanza mara nyingi sana jibu ni hapana. Fikiri mtoto amejifunza nini kwa miaka sita ya maisha yake: kikombe ni kikombe, mshikio ukielekea kulia au kushoto. Kiatu ni kiatu. Paka akikupa mgongo ni paka. Leo unamwambia kijiti chenye tumbo upande huu ni kitu kimoja, na kijiti hicho hicho chenye tumbo upande ule ni kitu kingine kabisa. Ukweli ni kwamba unamtaka asahau kanuni ambayo mpaka jana ilikuwa inamfaa. Akifika darasa la tatu bado anageuza kila siku, na kusoma kwenyewe kumemlemea, hapo tafuta mtaalamu amwangalie. Kabla ya hapo, kazi ni yetu.

Kosa letu kubwa ni kuzifundisha b na d bega kwa bega ili "waone tofauti". Hawaoni tofauti, wanaona mapacha. Fundisha b, ikae, ipite miezi, isomwe katika maneno mengi, ndipo d ije. Na zitofautishe kwa mwendo wa mkono kabla ya umbo. Mimi nilikuwa nasema b huanza na mti, d huanza na tumbo. Kwa b mkono unashuka mti wote, unapanda mpaka katikati, ndipo unachora tumbo. Kwa d unachora tumbo kwanza kama vile unaanza "a", kisha unaupandisha mti. Waandike hewani kwa mkono mzima kutoka begani, waandike kwa kidole mgongoni mwa mwenzao na mwenzao akisie. Ukiwakuta wananong'ona "mti kwanza, mti kwanza" wakati wa kuandika, usiwanyamazishe.

Huyo aliyeandika jina lote kinyumenyume, mwekee kitone cha kijani pembezoni kushoto mwa kila mstari, pa kuanzia. Nina hakika alianzia kulia kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.

Tumebishana ofisini, Mwalimu utuamue. Neno "mbu" lina silabi moja au mbili? Na kwa nini watoto wangu wanaandika "mutu" badala ya "mtu"? Walimu watatu wa shule moja.

Mbili. M-bu. Aliyesema moja anunuliwe chaki.

Lakini namtetea kidogo, maana kwenye "mbuzi" m hiyo hiyo imeungana na b ikawa silabi moja: mbu-zi. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno fupi kama "mbu" bila silabi ya pili lisingekuwa na mahali pa mkazo. M ikabeba mzigo ikawa silabi peke yake. Ndivyo ilivyo kwenye "mbwa", ndivyo ilivyo n kwenye "nchi" na "nne". Kuna na m nyingine, ile ya mtu na mti, ambayo husimama peke yake hata neno likiwa refu: m-to-to, m-bu-nge. Ndiyo maana mbuni anayebuni vitu ana silabi tatu, na mbuni ndege mwenye shingo ndefu ana mbili. Sikilizeni pia "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Semeni kwa sauti, taratibu. Mbaya wa kwanza ni m-ba-ya, wa pili ni mba-ya. Mzungumzaji hutofautisha bila kujua, na maandishi yanaficha.

Msiwape watoto somo hili lote, nawaomba. Wapige makofi tu. Mtu, makofi mawili. Mbuzi, mawili. Mtoto, matatu. Na hapo ndipo "mutu" inapoeleweka: mtoto amepiga makofi mawili, amesikia silabi mbili, na tumemfundisha kwamba kila silabi ina irabu. Akaitafuta irabu, hakuiona, akaiweka. Kama nyumbani wanaongea lugha ambayo neno hilo lina irabu kweli, basi ana sababu mbili. Mwambieni wazi kwamba m ina ruhusa ya kusimama bila irabu, aifunge midomo na kuihesabu. Wiki moja inatosha.

Swali lenu dogo la l na r nitalijibu kwa mkato. Mtoto anayesema "kura" kwa "kula" msimchekeshee wenzake. Mpeni jozi ambazo maana inagongana: kalamu na karamu, mahali na mahari. Aguse kwa ulimi: kwenye l ulimi unakaa juu nyuma ya meno na hewa inapita pembeni, kwenye r unagonga na kuondoka. Ila akisoma "kura" na akaelewa kwamba ni chakula kinazungumzwa, amesoma. Matamshi yanasubiri kipindi chake.

Tunataka mtoto aanze kusoma Kiingereza na Kiswahili pamoja. Anasoma "like" kama "li-ke" na "name" kama "na-me". Tumkataze Kiswahili kwanza?

Msikataze chochote. Li-ke na na-me ni usomaji sahihi kabisa wa Kiswahili, mtoto anatumia kanuni iliyomfaa jana. Ni Kiingereza kilichovunja ahadi.

Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Kifini, lugha ambayo kama yetu huandikwa inavyotamkwa, walisoma sawasawa takriban maneno 98 kati ya 100 ya kawaida. Wa Kiingereza, kule Scotland, walisoma 34. Mwaka uliofuata walifika kama 76. Hawakuwa na akili pungufu, walipewa mlima mrefu zaidi. Sasa ninyi mna mtoto mwenye lugha ya mteremko nyumbani mwenu, mnataka aanzie mlimani?

Kiingereza azungumze, aimbe, asikilize hadithi zake kadiri mnavyotaka. Kusoma aanze na Kiswahili, kitulie, ndipo mumtambulishe kwenye hiyo e ya mwisho isiyosema kitu. Kuunganisha sauti hujifunzwa mara moja tu, ukishaweza katika lugha moja huanzi tena sifuri katika ya pili.

Darasa langu la nne wanasoma kama maji ya bomba, lakini nikiuliza maswali ya ufahamu hawajibu. Mwalimu aliyechoka.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili mwaka 1986 kwa njia ambayo hata mimi nisiye mtu wa hesabu nilielewa: kusoma ni kutamka maandishi mara kuelewa lugha. Wamesema mara, hawakusema kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande mwingine uwe mkubwa namna gani.

Kwa hiyo chunguza: wasomee wewe kifungu hicho, wao wasikilize tu, kisha waulize maswali yale yale. Wakishindwa bado, shida ni maneno na mambo yaliyomo. Ongea nao kuhusu habari yenyewe kabla ya kufungua kitabu. Wakiweza, shida ni mbio. Wasimamishe katikati ya sentensi, wafunge kitabu, waulize kinachofuata kinaweza kuwa nini. Wanaosikiliza wanachosoma watabuni kitu chenye mantiki. Wengine watakutazama tu. Na angalia wanavyopita kwenye nukta, nadhani wanazipita bila kupunguza mwendo. Maswali yako pia yaangalie. "Musa alikwenda wapi?" hujibiwa kwa kunakili mstari bila kuelewa hata neno. "Kwa nini hakurudi kwa njia ile ile?" hainakiliki.

Ujambo mwalimu. Mimi ni bibi yake huyu anae andika. Sijui kusoma sikupelekwa shule. Yeye yuko darasa la tatu. Jioni ana taka nimsikilize akisoma na mimi na ogopa ata soma makosa na sita jua. Nimsaidie je. Bibi.

Sijambo bibi, shikamoo. Nimemwomba mhariri aichape barua hii kama ilivyofika, asiguse herufi.

Utajua. Husomi maandishi lakini Kiswahili unakijua kuliko kitabu chake. Akisoma vibaya, sentensi itakuwa haina maana, na wewe utaisikia kabla yake. Hapo sema tu, "Rudia hapo, sijaelewa." Usiongeze. Sisi tunaojua kusoma tuna ugonjwa mmoja: mtoto akisita kidogo tunamrukia na neno, tunamnyang'anya kabla hajalifikia. Wewe huwezi kumrukia. Utasubiri, na yeye atalitafuta mwenyewe. Katika miaka yangu yote sikuweza kunyamaza vizuri hivyo.

Akimaliza mwambie akusimulie alichosoma bila kitabu. Siku nyingine geuzeni: wewe simulia, kisa chochote cha zamani unachokikumbuka, yeye aandike kama alivyoandika barua hii, kisha akusomee. Utamsahihisha vizuri tu, "sikusema hivyo".

Na wewe mwandishi, sogea karibu. Umeandika "ana taka", "na ogopa", "ata soma". Naona ulivyofikiri: "ana" ni neno, tunasema ana kitabu, na "na" ni neno pia. Lakini hapa zimeshikana na kazi inayofanywa, haziachani: anataka, naogopa, atasoma. Ulipoandika "sita jua" nilidhani unahesabu majua. "Anayeandika" nalo ni moja, lina y. "Hujambo" ina h mbele, weka kiganja mdomoni uisikie ikipuliza. Halafu "nimsikilize" umeliandika lote pamoja, silabi sita, na hukukosea hata herufi.

Jibu hili msomee bibi wewe mwenyewe, kuanzia "Sijambo bibi". Akisema rudia hapo, rudia.